Visanduku Vitano

Shangazi Zuwena alitunga mafumbo
ya gazeti la kurasa nne lililotoka kila Ijumaa
pale Makupa, juu ya duka la betri.
Malipo: shilingi mia tatu na nakala mbili,
moja ya kuhifadhi, moja ya kufungia bajia.

Chemshabongo lake halikuuliza mto mrefu
wala mji mkuu wa nchi gani.
Hayo, alisema, ni mtihani.
Lake lilikuja limejitanda ushungi:

Mkopo, e yake ikisilimu, husali.

Nilikesha nalo, mimi na kifutio,
kifutio kikaisha kabla yangu.
Deni. Dini.
"Umeona?" akacheka. "Mwenye nyumba
hunijia na la kwanza, nami namtolea la pili."

Neno: mpe mama kiti cha mbele, litakung'ata.
Bahari: re azame, te aibuke, wapate wengine.

Hakuyajifunza shuleni, aliyajifunza kwenye kanga.
Miaka kumi na minane aliuza doti Barabara ya Biashara,
hadi siku lilipofika robota zima lenye kosa:
HASIRA HASIRA, pale palipotakiwa HASIRA HASARA.
Tajiri alishika kichwa.
Yeye akalimaliza kwa wiki moja, kwa wake wenza tu.
"Chukua hii, mwanangu. Hiyo nyingine
utaivaa baadaye."

Mwezi wa Shaabani mshipa ukapasuka.
Makadara, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja.
Siku ya nne ulimi ulirudi,
lakini ulirudi na herufi za watu.
"Nipe sumu," alimwambia Nesi Kadzo,
na Kadzo akaangusha trei.
Daktari akaitwa. Jamaa wakaitwa.
Mtu akaanza Yasini.

Nami mlangoni nahesabu kwa vidole:
herufi nne, ya pili imehama.
Nikampa simu.
Haikuwa na chaji. Akaiweka sikioni, akaridhika.

Kesho yake aliagiza chui,
chui ya moto, tangawizi kwa wingi, bila sukari.
Nikaileta ndani ya chupa.
Kadzo akataka kujua lugha hii inafundishwa wapi.
Nikamwambia: Ijumaa.

Ami Sudi alisema akili imekwenda.
Daktari alichora kichwa nyuma ya bahasha,
akatia kivuli upande wa kushoto,
visanduku vyeusi, nilivyoviona mimi,
vile ambavyo mtungaji huviacha
ili maneno yajue pa kuishia.

Si kwamba niliweza yote.
Kuna neno alilirudia usiku kucha, kero, kero,
nikajaribu kera, kero, kura, kijiti cha kila irabu,
akageukia ukuta.
Labda lilikuwa kero tu.

Kwenye fomu palibaki pengo: idadi ya watoto.
"Taso," alijibu.
Kadzo akaandika tano.
Mimi niliijua herufi nyingine, ya mwisho,
inayoingia pale sawasawa.
Nikaimeza.
Tano ikakauka, kwa wino wa serikali.

Ijumaa gazeti likatoka.
Mahali pake palikuwa tangazo la magodoro.
Nilimsomea bei, futi nne kwa sita, futi tano kwa sita,
akasikiliza kwa adabu kama anayesubiri utani ufike.
Kisha akanishika kifundo
kwa ule mkono ambao bado unatii.

"Njoo," akasema. "Njoo, mwaka wangu."

Visanduku vitano, cha nne kimeteleza.
Na kalamu ya risasi nilikuwa nayo, mfukoni.
Nusu ya uso iliyobaki ikatabasamu,
sijui alikosea
au alitunga.

Sikusahihisha.