Pengo

Siku tuliyomzika baba, pale Keko Magurumbasi,
msoma wasifu alishika kipaza sauti akasema:
"Marehemu ameacha pengo lisilozibika."
Watu wakainamisha vichwa.
Mimi nikauma ncha ya kanga, nisicheke.

Maana mapengo ya baba nilikuwa nayajua kwa idadi.
Matano. Mawili juu kushoto, matatu chini,
na yote yalizibika.

Kila moja lilianza na kitundu, mfano wa kazi ya mchwa.
Na baba alikuwa seremala, mchwa anamjua:
kabati la mtu likitobolewa hakulala
mpaka achanganye gundi na vumbi la mninga,
akandike, apige msasa,
mwenye kabati mwenyewe asahau palipokuwa.
Lakini jino lake alilipa karafuu.
Usiku, maji ya chumvi.
Alfajiri, shavu limeumuka kama andazi.

"Kuziba shilingi ngapi?" aliuliza dirishani.
Akatajiwa.
"Na kung'oa?"
Akatajiwa.
Akahesabu noti kwa kidole chenye gundi,
akaitenga ada yangu ya shule mfuko wa pili,
akarudi nyumbani na pamba mdomoni.

Hivyo, mara tano.
Akaacha muwa. Kisha korosho.
Kisha kucheka, au tuseme alicheka kwa kificho,
kiganja kikipanda mdomoni kabla ya sauti.
Kwenye picha ya harusi yangu
utadhani anapiga mwayo.

Sasa mimi nina mshahara,
na karatasi ya mshahara ina mstari niliouchukia:
Bima, afya na meno.
Kila mwisho wa mwezi nilinung'unika:
"Wananikata hela kwa meno yasiyoniuma!"
Zamoyoni wa dawati la pili alijibu bila kuinua uso:
"Huo ni upatu, mama.
Tofauti ni kwamba unaombea zamu yako isifike."

Ikafika mwezi wa nne, na bisi za mia tano.
Punje moja iligoma kupasuka,
likapasuka jino badala yake.

Kliniki ipo ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.
Nikatoa kadi. Binti wa dirishani
akaigeuza, akaandika, akauliza:
"Daktari akikupa nafasi ya kuchagua,
utapenda kuziba au kung'oa?"

Nikasubiri ataje bei.
Hakutaja.
Swali likabaki hivyo hivyo, jepesi,
swali la jino tu:
si la ada, si la kodi ya chumba, si la unga.
Machozi yakanitoka kabla ya sindano.
"Usiogope," akaniambia, "haiumi sana."
Ningemweleza nini?

"Kuziba," nikasema.
Nikarudia, kwa sauti ambayo foleni nzima iligeuka:
"Kuziba."

Jioni nusu ya mdomo ilikuwa bado imekufa ganzi,
chai inanichuruzika kidevuni kama mtoto,
na Kibwana, mwanangu, hoi kwa kicheko.
Nikacheka naye.
Mkono wangu wa kulia ukaanza kupanda wenyewe,
ule mkono wa baba, naufahamu,
ukafika usawa wa kifua.

Nikaurudisha mezani,
penye kikombe.