Kopo la Hanus

Hanus aliacha kopo la biskuti
limejaa vichwa vya kebo, dume na jike.
Mvua ya Klaksvík ikipiga bati,
Sunnvør anavimwaga mezani.

Hiki cha F, cha runinga, hakina ulimi:
huazima shaba ya waya wenyewe.
Bei poa. Ila omu zake sabini na tano
hazipatani na hamsini za redio;
sehemu ya sauti hurudi ilikotoka.

BNC: robo mzunguko, tki, kimeshika.
Kinamfaa mwenye haraka, aketiye ndani.
SMA, jino la mtoto lililopakwa dhahabu,
ukikikaza kwa hasira hakisamehe.

Halafu kile kinene, PL,
cha redio ya babaye ya mashuani.
Bado kina lehemu yake, donge lililokwenda upande
(mkono ulikuwa umeanza kutetemeka).
Anakipima kiganjani. Anakipima tena.

Lakini mlingoti uko kilimani,
na chumvi haijui matanga.
Anachukua N, chenye pete ya mpira kooni,
anafunga mkanda, anapanda.

Kile kingine kimo mfukoni,
hakijaunganishwa na chochote,
kinapata joto.