Daftari la Waendao

Kaa kwanza, Nurdolot. Funguo hazikimbii.
Najua mtambo wa kupozea maziwa umezima kule Naryn,
najua mteja amepiga simu mara sita tangu asubuhi
na kwamba lita elfu mbili zitaganda mtindi.
Zigande.
Mtindi nao una walaji wake.

Jina lako kamili,
kama mama yako anavyoliita akikasirika.
Kundi la damu?
Hulijui.
Basi vuka barabara, zahanati iko mkabala na benki,
urudi na jibu. Sindano yao haichomi
kama ukimya wangu usiku ule
daktari wa Kochkor aliponiuliza, na mimi
nikabaki nafungua droo, nafunga droo.

Sasa utakapolala. Usiandike "hoteli."
Ipi? Ghorofa ya ngapi? Mwenyewe nani?
Aijarkyn alilazwa nyumba ya rafiki wa mteja,
mwanamume akafunga mlango kwa nje:
"kwa usalama wako, dada."
Alikaa macho hadi alfajiri, bisibisi mkononi.
Tangu hapo wanawake wetu huchagua wenyewe pa kulala.
Mhasibu akinung'unika kuhusu risiti
namwita, namwekea ile bisibisi mezani.

Na hapa, usifunue haraka.
Mstari huu uliokatwa kwa wino mwekundu ni Temirlan.
Alipiga saa tatu na dakika kumi usiku,
yuko chini ya mlima Dolon, theluji ndiyo inaanza,
kesho mwanawe anatimiza miaka minne.
"Nipite tu, dada Burulkan?"
Nikamwambia, haya, nenda salama.
Nilikuwa nakata kitunguu,
simu nimeibana kwa bega.
Nenda salama,
kama mtu anavyomwambia mwenziwe anayetoka kwenda dukani.

Msibani, mbele ya hema jeupe,
bosi alivua kofia akasema ajali haina kinga.
Wazee wakaitikia.
Mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawisha watu mikono
na maji yakamwagikia viatu vyangu, nikayaacha.
Haina kinga!
Kinga ilikuwepo. Ilikuwa kitanda cha som mia nane
pale Sary-Bulak, kwa mama muuza samaki wa kukaanga.
Ilikuwa neno moja, lala,
na mwenye kulisema nilikuwa mimi.

Kwa hiyo sikiliza.
Jua likizama, gari lizime. Popote.
Mteja akikutukana, mpe namba yangu,
nimetukanwa na watu wenye mitambo mikubwa kuliko wake.
Bosi akikupigia akusukume, mwambie
Burulkan hajatia sahihi,
na bila sahihi yangu hata mafuta hayalipwi.
Nililipigania hilo miezi mitano.
Aliponiuliza kampuni inapata faida gani
nilimgeuzia daftari, ukurasa wa wino mwekundu,
akatazama dirishani.

Saa kumi na mbili jioni unapiga.
Usiniandikie "sawa." Sawa huandikwa na kidole chochote.
Nataka sauti, nisikie kama umechoka,
kama umekunywa, kama kuna mtu kando yako
ambaye hupendi awe kando yako.
Ikipita nusu saa, napiga mimi.
Ikifika saa moja, nawapigia wa kiwanda cha maziwa.
Saa mbili naamsha polisi wa Kochkor.
Wananijua, wamenichoka,
mwaka jana niliwatuma mara tatu
na mara zote tatu walimkuta mtu anakula tambi,
betri ya simu imekufa.
Mara tatu nilichekwa.
Nichekwe hata thelathini.

Haya, shika.
Minyororo ya matairi iko nyuma ya kiti,
blanketi mbili, mkate, chai kwenye chupa ya moto.
Sikuambii nenda salama, neno hilo nimeliacha.
Nakuambia lala njiani.

Nurdolot!
Koleo. Umeacha koleo mlangoni.