Daraja la Kati

Cheti changu kimeandikwa: daraja la kati.
Masereka mbadilisha fedha alicheka, akasema
basi kasimame pale juu ya Lhubiriha,
mguu mmoja Uganda, mmoja Kongo,
hilo ndilo daraja la kati ninalolijua mimi.

Tunasoma usiku, hapa Bwera,
ghalani mwa chama cha kahawa.
Madawati ni magunia. Ubao umeegemezwa kwenye mizani,
na chaki ikidondoka kwenye sahani yake
mshale hutikisika kidogo,
kana kwamba neno nalo lina kilo zake.

Mwalimu Ithungu hana haraka.
Siku ile alitufundisha vitu visivyohesabika:
maji, mchele, chumvi, mchanga. Tukaitikia.
Kisha akasema: na pesa.
Darasa zima likageuka kumtazama Masereka,
ambaye tangu alfajiri hana kazi nyingine
ila kuhesabu, shilingi kwa faranga kwa dola,
kidole gumba kimesuguka hadi kinang'aa.
"Mwalimu," akasema, "labda za Waingereza."
Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutumulika tochi.

Ikafika zamu ya yeye.
Yeye wetu, anayemwenea kila mtu
kama kitenge ambacho hakijakatwa,
kwao hupasuliwa vipande: hi wa kiume, shi wa kike.
Biira, mimba ya miezi saba, akauliza: na huyu?
Akaweka mkono tumboni.
Mwalimu akaandika iti,
akalitazama neno, akalifuta kwa kiganja.
"Andika mtoto," alisema. "Tutajua mbele ya safari."

Mimi napigana na kijineno di.
Nauza sabuni. Sabuni ni sabuni.
Lakini kwenye fomu ya forodha sharti niseme
kama ni sabuni yoyote tu ya duniani
au ni ile tuliyokwisha kuitaja, wewe na mimi,
ile tunayoijua sote.
Afisa hata jina langu hulikosea.
Tujue nini sote?

Halafu kazi ya nyumbani: sentensi tano, wakati timilifu.
Nne zilikuja zenyewe. Nimefua. Nimepika.
Mvua imenyesha. Bei imepanda.
Ya tano niliandika ya kaka yangu Kakule,
aliyevuka kwenda Butembo kununua vipuri vya pikipiki
akaniachia ufunguo na deni la watu.
Kahawa imevunwa mara nne tangu hapo.

Kakule haz noti kamu.
Nikaisoma kwa sauti ndogo, jikoni,
nikasikia komeo likishuka.
Maana kwetu husemi hakurudi
wakati masikio bado yanachagua milio ya pikipiki barabarani.
Unasema hajarudi.
Hiyo ja, silabi moja tu,
ni sahani iliyofunikwa, ni ugali uliopoa
ambao hakuna mtoto anayeruhusiwa kuugusa.

Nikainua mkono. Nikauliza,
Kiingereza huiweka wapi ja?

Mtu wa nyuma alicheka, akaacha.
Mwalimu Ithungu alipapasa mfuko akitafuta penseli,
akaja hadi kwenye gunia langu, akainama,
na pale mwisho, kwenye nafasi
niliyoiacha kwa ajili ya nukta,
akaandika kijineno: yeti.
"Sisi huimeza ndani ya kitenzi," alisema.
"Wao huitoa nje, huikalisha mlangoni."

Nilitembea nayo hadi nyumbani,
yeti, yeti, kama kokoto ndani ya kiatu.

Nilipata tatu kwa tano.
Mvua niliikosea, na bei pia.
Ya Kakule ilipigwa vema.
Nukta nilisahau,
naye hakuidai.