Saa Moja Kabla ya Mswaki

Mwaka wa ishirini na sita huu, naonja ukwaju.
Si kunywa. Kuonja: kijiko, ulimi, tema,
kijiko tena, chumvi ya kubana kwa vidole viwili,
onja.
Kibokoni wananijua kwa achari ya ndimu
na embe mbichi zilizolala na pilipili
katika machupa niliyoyapanga dirishani
jua liyapikie taratibu.

Hakuna aliyeniambia kwamba nami nimo chupani.

Ilianza kwa maji ya barafu.
Fundo moja tu, Ramadhani, adhana haijaisha,
jino likapiga ukelele hadi sikioni.
Nikasema ni uchafu.
Nikanunua mswaki mgumu, nikasaga mkaa,
na kila nikimaliza kuonja, papo hapo,
nikasugua kama nasugua sufuria ya pilau
lililoungulia.
Nikatema weusi, nikaona weupe kiooni, nikafurahi.
Sikujua ni nini kingine nilichotema.

Daktari Wangeci, ghorofani kule Makadara,
akanipa kioo kidogo, akawasha taa.
Ncha za meno yangu ya mbele
zinapitisha mwanga kama kikombe cha kauri.
"Bi Mwanamize, asidi hailing'oi ganda la jino.
Hulilainisha tu.
Anayebomoa ni mkono."

Hapo nilielewa, maana nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe.
Fundi akishapaka chokaa, watoto hufukuzwa ukumbini.
Chokaa mbichi ukiigusa kwa bega
inaondoka na bega.
Ingoje ikauke, utaiegemea hata siku ya msiba.

Akaniandikia dawa ya meno yenye floraidi.
Itanirudishia? nikamwuliza.
Hakunidanganya. Kilicholiwa kimeliwa,
jino la pembe si dawa ya pengo.
Ila dawa hii, na mate yako mwenyewe,
hukandika pale palipolegea,
na mswaki ukipita huondoka na kidogo,
pungufu ya kile ungechukua bila hiyo.
Pungufu, akarudia. Sikusema hauchukui kitu.
"Sukutua kwa maji. Ngoja saa nzima.
Mswaki uwe laini. Na mkaa,
mwachie mchoma mahindi."

Nikacheka, naye akacheka, ndipo nikayaona:
meno yake yana mistari ya kahawia,
kama chai iliyomwagika kitambaani ikasahauliwa.
Njoro, akasema, sikuwa nimemwuliza.
Kisima cha babu.
Floraidi hiyo hiyo, ilinizidi utotoni,
meno yangu yangali ndani ya ufizi.

Nikashuka ngazi na kijitubu changu.
Yeye alimwagiwa kwa ndoo.
Mimi napimiwa punje ya njegere.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa.
Kuwa haba na haba hukikomba pia,
hilo nimelipata peke yangu.

Siku hizi nikishaonja nakaa.
Saa moja si mchezo kwa mkono uliozoea kusugua.
Mate yanakuja, yanafanya kazi yao kimya
kama wale wanawake wa jikoni harusini
wasiotajwa kwenye shukrani.
Nabandika karatasi za majina machupani.
Natazama saa ya ukutani, ile inayochelewa dakika saba,
naongeza saba.

Leo nimempa kijiko Swabra, binti wa kaka yangu.
Kumi na tisa. Barafu huipasua kwa magego
nami nikisikia tu, najishika shavu.
Amekunja uso, jicho moja limefumba.
"Shangazi, bado sukari."
Bado kidogo, ongeza.
Anaonja, anatema, anafuta midomo kwa leso,
huyoo, mbio bafuni.

"Swabra!"

Mlango umesimama nusu. Mswaki mkononi.
Sina maneno ya daktari.
Namwonyesha saa.