Simu Zilizojaa

Matanga yalianuliwa siku ya nne.
Turubai likarudi kanisani,
sufuria kubwa zikaenda kwa wenyewe,
na zile pole, nyingi kama inzi wa samaki,
zikaniacha na viti viwili.

Jawiambe tulimzika juu, kwenye mwinuko,
maana huku chini Wanseko ziwa linakula ufuko
na sikutaka limfuate.

Kibanda cha kuchaji simu nikakifunga.
Sola juu ya bati ikanywa jua bure.
Nilikuwa nalala mchana, usiku nahesabu mabati.

Wiki ya tatu akaja Byenkya, mpima samaki,
akagonga mlango kwa kiganja.
"Nichajie."
Nimefunga, nikamwambia.
"Naona umefunga. Nichajie."

Nikaichomeka. Asilimia tisini na sita.
Sikusema kitu. Yeye akakaa kwenye benchi,
akalitazama ziwa kama mtu anayelidai.

Kesho yake wakaja wanawake wanaoanika muziri,
magamba yanameta hadi kwenye viwiko.
Tisini na moja. Mia. Themanini na nane.
"Hii yangu inaisha haraka mno," alisema Kabasinguzi,
na uongo haumkai yule mama,
alikuwa anaongea na kandambili zake.

Onegiu, fundi wa mashine za boti,
alileta mbili, zote zimejaa, akaomba risiti.
Tangu lini mimi natoa risiti?
Nikamwandikia kwenye karatasi ya sabuni.

Sasa, simu iliyojaa haiachwi.
Mwenyewe lazima aingoje.
Basi benchi likajaa, wengine wakakalia madumu,
wakazungumza juu ya bei ya petroli,
askari waliochoma nyavu,
Mkongo mmoja aliyevuka na mbuzi saba, akafika na wanane.
Mimi sikuulizwa lolote.
Kikombe cha chai kilikuwa kinatua karibu na mguu wangu
na sikuona mkono ulioleta.

Candiru alikuja jioni, mvua inanyemelea.
Simu yake nyepesi. Nikaifungua mgongo:
hamna betri. Mahali pa betri
noti ya elfu moja, imekunjwa mara nne.
Nikamtazama. Akanitazama.
"Itachukua muda," nikasema.
"Nina muda," akasema.
Nikaichomeka hivyo hivyo.

Ni yeye aliyelitaja jina. Siku ishirini na mbili
hakuna aliyethubutu mbele yangu.
Akasema, "Jawiambe namba saba alikuwa hampi mtu,
alimwekea katekista,
kwa sababu simu ya katekista ina dhambi nyingi, inahitaji waya mzuri."
Benchi zima likacheka.
Nikacheka na mimi, kicheko kikanikwama katikati,
kikatoka kwa mlango mwingine.
Walininyamazia. Byenkya akashika bega langu
kama anavyoshika mzani usiyumbe.

Zile namba yeye ndiye aliyezichora,
kwa rangi nyekundu ya kucha, kwenye vipande vya utepe.
Namba tisa imekwanguka, inasomeka kama sifuri.
Chupa ilikuwa bado ndani ya kopo la biskuti.
Imeganda nusu. Nikaitia joto kwapani,
nikapaka mkia wa tisa, vibaya, mkono unatetemeka.

Kesho nafungua saa moja.
Katekista ameshatuma mtu kuuliza.