Mshika Kengele

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kengele,
ile ndogo ya shaba, ya duka la marehemu babake Walenty,
iliyokuwa ikilia mteja akisukuma mlango kununua vifungo.
Walinipa mimi kwa sababu sikuwa mshairi hodari.
Hakuna aliyelisema hilo. Tulikuwa watu wenye adabu.

Kila Alhamisi, ghorofa ya tatu ya kiwanda cha zamani cha pamba,
jijini Łódź, mabomba ya joto yakigugumia
kama mzee anayetafuta jina la mtu,
tulikaa duara, watu kumi na mmoja na birika moja.
Kanuni niliiandika kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani:
Lisemeni shairi, msimseme mtu.

Ireneusz aliisoma, akavua miwani, akauliza:
"Na shairi likiwa ndilo mtu?"

Alikuwa fundi wa tramu, miaka thelathini chini ya mabehewa,
na mashairi yetu aliyasoma vivyo hivyo,
chali, kwa tochi,
akigonga kila chuma asikie kipi kimelegea.
Penseli nyekundu. Kucha nyeusi za grisi.
Alikuwa akipatia. Hilo ndilo lililotuudhi.

Usiku mmoja wa Februari Bogumiła alisoma beti za mumewe,
beti ishirini na mbili, mishumaa, malaika, theluji,
sauti ikimkatika kila alipolifikia jina.
Kimya.
Kisha Ireneusz: "Pole, mama. Lakini aliyekufa ni yeye,
mbona unatuzika sisi?"

Mtu mmoja alicheka. Sitamtaja.
Mkono wangu ulikuwa juu ya kengele, nao haukuinuka.
Bogumiła aliikunja karatasi mara nne, ikawa ndogo kama dawa,
akavaa glavu, ya kulia, kisha ya kushoto,
akashuka ngazi. Tulimhesabia hatua mpaka chini.

Juma lililofuata nikalipa deni.
Nilipiga kengele aliposema "lakini".
Nilipiga alipokohoa.
Nilipiga hata alipovuta pumzi.
Halszka, msichana wa miaka kumi na tisa, akasimama:
"Mnamfunga mdomo!"
Walenty akasema huu ni ustaarabu,
na neno hilo likapita mkono kwa mkono
kama sinia tupu.
Tukapiga kura. Sita kwa tatu.
Mimi nikasema mshika kengele hapigi kura.

Ireneusz akachukua kofia. Mlangoni akaniambia,
polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia:
"Ubeti wako wa tatu, ule wa mama na cherehani.
Futa mstari wa mwisho.
Ubeti umeshalia kabla yake."

Tangu hapo tunaelewana.
Kila shairi ni zuri. Zuri sana. Limenigusa.
Tunapokezana sifa kama mtoto aliyelala,
kila mmoja akichelea asije akaamkia mikononi mwake.
Halszka haji tena. Nasikia humpelekea karatasi zake
karakana ya tramu, saa ya chakula,
naye huzirudisha zina alama za vidole.

Machi nilikwenda kwa Bogumiła na keki ya mbegu za popi.
Aliniacha nimesimama, akaenda kutafuta sahani,
nami nikaziona mezani, beti zile.
Zilikuwa sita.
Malaika hawamo. Theluji imebaki, kidogo, kwenye viatu vya mumewe.
Alirudi, akaona nilichokiona, akakigeuza kifudifudi.
"Sitamsamehe," akasema, akinikatia kipande kikubwa.
"Na usimwambie nimezipunguza."

Kengele bado ninayo. Nimeufunga ulimi wake kwa leso
isilie mfukoni ninapopanda tramu.
Na ule mstari wa mwisho, wa ubeti wa tatu,
sijaufuta.
Najua ni mbaya.
Ndio pekee ambamo mama ananiita.